Karatasi Yenye Muhuri Mwekundu

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilipanga chumba Sanyuanli, mtaa wa wafanyabiashara huko Uchina, ghorofa ya nne, nikipeleka viatu Dar es Salaam. Mlango wa pili aliishi mama mmoja kutoka Peru, mnunuzi wa mabegi, na binti yake wa miaka kumi. Mama alijua Kihispania tu. Binti alikuwa ameokota Kichina cha ngazini na sokoni, ila kukisoma hakuweza, na shule ya mtaa ilimpokea darasa la nne kwa kumhurumia. Mimi aliniita Mjomba, neno nililomfundisha mwenyewe.

Wenzangu waliniita Mchina, kwa kuwa nilijua kubishana bei. Nililipenda jina lile kuliko nilivyolistahili.

Jioni moja mama alinigongea, ameshika karatasi ya shule. Binti akasema kwa Kichina chetu kile cha sokoni, "Mjomba, mama anauliza wameandika nini."

Rafiki yangu wa Tanga alikuwa anamenya vitunguu kwenye korido. "Haya Mchina, soma! Leo ndiyo leo."

Nilijua herufi kama ishirini: pea, katoni, nyeusi. Pale sikuiona hata moja. Chini kulikuwa na muhuri mwekundu na mstari wa saini. Katika biashara yetu, karatasi ikishagongwa muhuri mwekundu, mambo yamekwisha. Unatia saini, mzigo unaondoka.

"Mambo ya kawaida," nikasema. "Atie saini."

"Kweli, Mjomba?"

"Kweli."

Mama alitia saini palepale, karatasi akampa binti airudishe shuleni, nakala yake akaibandika ukutani, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Karani wa ofisi ya mizigo pale chini angeisoma kwa dakika moja. Sikutaka wenzangu wanione nikishuka kumuuliza.

Jumatatu binti alikalishwa darasa la kwanza, magoti yakigonga dawati, kati ya watoto wa miaka sita. Mama alikwenda shuleni, akaonyeshwa saini yake mwenyewe. Hakunilaumu. Alidhani yeye ndiye hakunielewa, nami nikamwacha adhani hivyo. Hilo linaniuma kuliko karatasi yenyewe.

Mwaka uliofuata binti alisimama mlangoni kwangu na nakala ya karatasi ile. Alipitisha kidole chini ya kila herufi, taratibu.

"Hapa wanasema, mzazi akikubali nirudishwe darasa la kwanza, atie saini. Asipokubali, aje Ijumaa, mwalimu atanifundisha kusoma kila siku baada ya masomo." Akaniangalia. "Uliisoma, Mjomba?"

"Sikujua kusoma."

"Hata mimi sikujua," akasema. "Lakini mimi nilisema."

Nikavaa kandambili, nikamwomba twende kwa mama yake, anitafsirie.