Mtaro Tuliouchimba Mara Mbili

Halmashauri ya wilaya iliponiajiri kuwa Bibi Maendeleo, wa kufundisha akina mama na kusimamia kazi za kujitolea vijijini, nilikuwa msichana wa Mandewa ambaye hajui maisha mengine zaidi ya yale ya kwao na ya chuoni. Nilipewa baiskeli, daftari na kijiji kimoja cha milimani, upande wa Misigiri. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, na sisi tuliosoma kidogo tuliamini kila kitu kilichopigwa taipu.

Barua niliyokwenda nayo ilikuwa ya taipu. Ilisema serikali imeipa halmashauri ruzuku ya miradi ya maji. Halmashauri itanunua mabomba na saruji, wananchi watachimba mtaro kwa kujitolea. Maji yangetoka kwenye chemchemi iliyokuwa juu mlimani, yashuke yenyewe mpaka katikati ya kijiji, bila mashine wala mafuta.

Nilipanga kwa mama mmoja mjane, kiongozi wa akina mama pale kijijini. Umri wake ulikuwa sawa na wa mama yangu. Yeye alisema Kinyiramba, mimi Kinyaturu, kwa hiyo tulikutana kwenye Kiswahili, na chake kilikuwa kifupi, hakina mapambo. Kiangazi aliondoka na debe jogoo wa kwanza akiwika, akarudi jua limeshakuwa kali. Debe moja. Chemchemi ilikuwa mbali zaidi na njia yake ilikuwa ya mawe matupu, kwa hiyo watu walifukua maji kwenye mchanga wa korongo.

Siku ya mkutano niliisoma barua yote kwa sauti. Mama yule mjane akasimama.

"Mwanangu, hiyo barua inasema mabomba yatakuja lini?"

Barua haikusema. Watu wote walikuwa wananitazama mimi.

"Kabla ya kuvuna mtama," nikajibu.

"Umeambiwa, au unasema wewe?"

"Nimeambiwa, mama."

Sikuwa nimeambiwa na mtu yeyote.

Wanaume walichimba wiki ya kwanza, kisha mmoja mmoja wakarudi kwenye ng'ombe wao. Wakabaki wanawake. Udongo haukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa mawe. Sururu ilipogonga mwamba, tulirundika kuni juu yake tukawasha moto, na mwamba ulipopata moto sana tukaumwagia maji ya baridi ili upasuke. Maji hayo ni yale yale ya korongoni, yaliyobebwa kichwani tangu alfajiri. Nakumbuka mwanamke mmoja mwenye mimba kubwa akimwaga debe lake lote juu ya jiwe. Jiwe lilitoa mvuke tu, halikupasuka, naye akasimama pale akilitazama.

Siku moja jiwe lilipasuka, kipande kikaporomoka na kumbana mama mkono. Vidole viwili vilipondeka. Tulimpeleka zahanati ya misheni kwa miguu, yeye akitangulia, mkono umefungwa kwa khanga. Vilipona vikiwa vimepinda. Tangu hapo hakuweza kushika sururu, akawa anasomba maji ya kupasulia mawe.

Tulimaliza mtaro mtama ukiwa umeanza kuvunwa. Wanawake wakapiga vigelegele kutoka chemchemi mpaka kijijini. Kesho yake nikapanda baiskeli kwenda makao makuu ya wilaya.

Katibu wa halmashauri alikuwa mtu mpole, mwenye macho ya kuchoka. Nasema wazi kwamba hakuwa mwizi. Alinikaribisha kiti, akaniuliza habari za kazi, nikamweleza mtaro umekwisha na mabomba yanasubiriwa.

"Mabomba hayapo," akasema. "Yaliagizwa Dar es Salaam, hayajaja. Na mwezi wa sita umeshapita. Fedha ya serikali isipotumika ndani ya mwaka wake, inarudi."

"Kwa hiyo imerudi?"

"Haikurudi. Madiwani wameamua imalizie ukumbi wa mikutano. Wewe umeuona ukumbi?"

Nilikuwa nimeuona. Nilikuwa nimeegesha baiskeli yangu kwenye ukuta wake.

"Tutaomba tena mwaka huu," akasema. "Waambie wautunze mtaro. Mkaguzi akija akute uko wazi."

Nikarudi nikawaambia. Nilitegemea ugomvi, hakuna aliyegomba. Mama aliuliza tu: "Safari hii pia umeambiwa?" Nikasema ndiyo, na safari hii ilikuwa kweli, lakini niliona kwamba kwake hakukuwa na tofauti tena.

Masika ilipopita mtaro ulikuwa umejaa udongo. Ng'ombe wa jirani alitumbukia akavunjika mguu, ikabidi achinjwe. Tukaufukua upya wote. Mara hii hakuna aliyeimba. Mkaguzi alikuja, akatembea kidogo kando ya mtaro, akaandika, akaondoka. Nikaambiwa maombi yetu yamepita. Tukangoja mwaka, tukangoja mwingine.

Halafu halmashauri zenyewe zikavunjwa. Siku niliyokwenda kuuliza nilikuta majalada yamefungwa kwa kamba, yanapakiwa kwenye lori kupelekwa mkoani. Katibu alikuwa amesimama barazani, hana ofisi. "Jalada lenu limo humo," akaniambia, akionyesha lori. Mimi nikawa mtumishi wa serikali kuu, na kazi yangu mpya ilikuwa kuwaandaa watu kuhamia vijiji vya ujamaa.

Kijiji chetu cha mlimani kilipangiwa uwanda wa chini, kando ya barabara, mahali palipokuwa na ardhi ya kutosha lakini hapakuwa na chemchemi wala korongo lenye mchanga. Mimi ndiye niliyesoma tangazo. Walipoondoka, mapaa ya nyumba zao yaling'olewa ili mtu asirudi. Mama alibeba mawe yake ya kusagia na mlango wa nyumba yake, basi.

Mabomba yalifika mwaka uliofuata. Dereva aliyatelemsha mlimani, kwa sababu karatasi yake ilisema hivyo. Niliposikia nilikwenda kuyaona. Yalikuwa mapya, ya chuma, yamelala kwenye majani karibu na kuta zisizo na paa, na mtaro pembeni yake umeota vichaka. Chemchemi ilikuwa inatoka kama siku zote.

Nikaenda mkoani kuomba yashushwe kule watu walikohamia. Ofisa alifungua jalada, akalisoma taratibu.

"Ruzuku hii ni ya kijiji cha zamani, nacho hakipo tena kwenye orodha," akasema. "Hicho kipya lazima kiombe upya. Mabomba hatuwezi kuyagusa mpaka yafutwe kwenye mradi wake."

Akanipa fomu. Ilihitaji saini za wanakijiji, pamoja na ahadi yao ya kujitolea nguvu kazi.

Nilimkuta mama nje ya kibanda chake kipya, anapepeta ulezi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nikamweleza yote, nikamwonyesha fomu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaufunika mkono wake kwa khanga, ule uliopinda, sijui kama alifanya kusudi.

"Andika mwenyewe," akasema. "Wewe una kalamu."

Nyumba zote nilizopita ziliniambia hivyo hivyo, kwa heshima kabisa. Niliipeleka fomu ikiwa na jina langu peke yake, na ikarudishwa. Mabomba yale watu waliyachukua polepole; mengine niliyaona baadaye yakiwa miimo ya zizi la mbuzi.

Nikahamishiwa Kintinku. Mkutano wa kwanza tu, mwanamke mmoja aliyembeba mtoto mgongoni aliniuliza kuhusu kisima. Nikamwambia mimi nimekuja kufundisha uji wa watoto, mambo ya maji siyajui. Akakaa chini, nami nikaendelea na somo.