Libérate na Radi Ambayo Hakuituma

Kasokola nzima hakuna mwanamke mbishi kama Libérate, na ubishi wake wote ameuweka mahali pamoja, kwa Mungu. Kwenye mambo mengine ni mwepesi mno. Ukimpunja kwenye kipimo, anaondoka. Ukimrukia foleni mashineni kwangu, anakuambia pita tu, mimi sina haraka. Nimewakobolea watu mpunga miaka kumi na minne na wa namna yake nawajua: asiyejua kugombana ataliwa mpaka mifupa. Naye aliliwa, na aliyemla ni shemeji yake.

Wazazi wake walitoka Burundi mwaka wa sabini na mbili. Yeye amezaliwa huku huku Mpanda, kambini, na uraia waliupata akiwa tayari na watoto. Aliolewa na Polycarpe, wakahamia Kasokola, wakanunua bonde la mpunga kwa mzee mmoja wa kabila la Wabende, wenyeji wa huku. Polycarpe hakujua kuandika. Karatasi ya mauziano iliandikwa na mdogo wake, Evarist, na kwa kuwa Evarist alikuwa na sanduku la kufuli, karatasi ikakaa kwake. Hapo ndipo walipokosea, na ni kosa la watu wengi wa huku: mwenye kalamu ndiye anayekabidhiwa karatasi.

Polycarpe akafa kwa tumbo, siku nne tu. Turubai la msiba halijashushwa, Evarist akatangaza kwamba bonde ni la ukoo. Mzee aliyeuza naye alishafariki. Mwenyekiti wa kijiji akauliza karatasi iko wapi, Evarist akasema hajawahi kuona karatasi yoyote. Kesi ikaishia hapo.

Kilichonishangaza mimi ni kanisa. Wote wawili wanasali pamoja, na Evarist ni mzee wa kanisa, ndiye anayebeba sinia la vikombe siku ya meza ya Bwana. Mchungaji Anicet alisema hayo ni mambo ya familia, wayaombee. Basi Libérate akayaombea. Kila Ijumaa alifunga, misimu miwili mfululizo, huku akilima vibarua ili watoto wake wawili wadogo wapate uji. Nilimuuliza, huyo Mungu wako amekupa tarehe? Akasema hajapewa.

Mimi nikampa njia. Kila mtu anajua watu wa huku wanachoogopa. Polisi wanawazungusha, mahakama wanaihonga, ila ukisema neno radi, mwanamume mzima anaacha kula. Nikamwambia, Mama Spès, mimi sikutumi kwa mganga. Panda basi la Mamba tu, huko wanakosema radi inatumwa kwa malipo, ulale siku mbili, urudi kimya. Usimjibu mtu. Evarist mwenyewe atakuletea bonde kichwani.

"Huo si ndio uganga wenyewe, Mama Ngusa?" akasema. "Tofauti ni kwamba wewe hutaki kumlipa mganga."

Nilicheka, maana alinipata. Nikaacha.

Mwezi wa kumi binti yake mkubwa, Spès, aliyeolewa Mamba, akajifungua. Libérate akaenda kumtazama, na akabeba kuku wa supu ya mzazi. Kuku alikuwa mmoja tu pale kwake, na alikuwa mweusi. Alipita mashineni asubuhi kuniaga, kuku kamkumbatia kwapani, foleni nzima inamtazama.

Alipoondoka, mke wa Evarist alikuwa wa tatu kwenye foleni. Nikasema kwa sauti ya kawaida, huku nafunga gunia: Libérate kaenda Mamba na kuku mweusi. Basi. Sikuongeza neno, na sikusema uongo. Mzazi na mganga wote hupelekewa kuku; mtu achague mwenyewe.

Walichagua. Libérate alirudi siku ya tano, na wiki hiyo hiyo mvua za kwanza zikaanza. Radi moja ilipiga upande wa mlima, mbuzi wa mtu wakafa wawili. Kesho yake mchana Evarist alikuwa mlangoni kwa shemeji yake na wazee wawili. Nami nilikuwepo, nimefuata magunia yangu.

"Shemeji, bonde lima," alisema. Alikuwa amekonda. "Ila hicho kitu ukiondoe."

"Kitu gani? Mimi sijatuma kitu."

"Sawa, hujatuma. Karatasi ninayo, nitakuletea mvua zikiisha na mimi nikiwa hai."

Nilimkanyaga Libérate mguu anyamaze, akanyamaza, kwa mshangao zaidi kuliko kwa akili. Kosa langu lilikuwa hapo. Ningeidai karatasi saa ile ile, jamaa akiwa bado anatetemeka. Biashara ya hofu ni ya mkononi.

Libérate alimwaga mbegu kwenye kitalu, miche ikaota kama zulia. Alisema Mungu amejibu. Mimi sikumwambia kitu kuhusu ile foleni.

Lakini Evarist, ambaye usiku alikuwa halali, alikwenda kwa mchungaji akaomba aombewe, na akaeleza sababu. Wazee wa kanisa wakamwita Libérate. Akakana. Wakamuuliza, kama hukwenda kwa mganga, mbona amekurudishia shamba? Akasema ni Mungu. Wakatazamana. Akatengwa: benchi la nyuma, karibu na mlango, hakuna kuimba kwaya, hakuna meza ya Bwana, mpaka atubu mbele ya kanisa.

Alikuja kwangu siku hiyo hiyo. Sijawahi kumwona hivyo, hata siku ya kumzika Polycarpe. Alikaa juu ya gunia la pumba, akasema Mungu aliyemngoja misimu miwili amekuja, na alipokuja wakamfukuza yeye nyumbani mwa huyo Mungu. Akauliza nani alianza kusema. Nikamwambia ni mimi.

Hakunitukana. Ingekuwa nafuu. Alikung'uta pumba kwenye kanga yake, akasema, "Kwa hiyo hakuwa Mungu."

Hilo lilimuuma kuliko benchi. Nikaona nimfanyie hesabu ya akili. Nikamwambia asikilize vizuri: Jumapili simama, tubu. Sema ulikwenda kwa mganga, umekosa, unaomba msamaha. Watakusamehe, ndiyo kazi yao. Utarudishiwa meza yako, na Evarist akisikia umekiri kwa kinywa chako atazidi kuogopa. Mwezi wa tano unavuna na karatasi unapewa. Shamba unalo, kanisa unalo. Hakuna anayepoteza.

"Nitakula mwili wa Bwana na uongo mdomoni?"

"Neno moja tu. Wao wamekula shamba lako zima na hawajapaliwa."

"Ndiyo. Na mimi namngoja Mungu awahukumu," akasema. "Nikifanya kama wao, nitakuwa namngoja Mungu wa nini? Aje anihukumu na mimi?"

Nikamwambia basi anyamaze tu, akae benchi la nyuma mpaka mwezi wa tano. Benchi ni ubao kama ubao mwingine. Akasema anajua. Ila Evarist halali, anakonda, watoto wake wanaogopa kila wingu, na yeye Libérate anajua hakuna radi. Kila siku anayonyamaza ni yeye anayemtisha. Akaniomba niende Jumapili nikaseme ukweli, kwa kuwa yeye mwenyewe hawamwamini.

Nilimweleza kitakachofuata: Evarist akiacha kuogopa, bonde atalichukua tena. Alikijua. Aliniambia, "Miche ina wiki tatu," kana kwamba anamtaja mtoto mgonjwa.

Nilikwenda. Mimi kanisa langu ni Krismasi na Pasaka, na si lile. Nikasimama nikasema: kuku alikuwa wa uzazi, mjukuu yupo Mamba, mwenye kutaka aende akamwone, maneno niliyaanzisha mimi mashineni, kwa makusudi. Libérate akasimama naye, akasema sijatuma kitu, shemeji, ulale. Mchungaji Anicet akainuka, akamshika mkono, akamleta benchi la mbele. Hakusema neno kuhusu bonde.

Ilikuwa siku ya meza. Evarist alipita na sinia, vikombe vidogo vidogo vinagongana. Rangi ya uso wake ilikuwa imerudi. Alifika kwa Libérate akasimama. Nilidhani Libérate hatachukua kikombe. Mimi nisingechukua kutoka mkono ule hata nikifa kwa kiu. Alichukua, akanywa, akarudisha kikombe pale pale kwenye sinia.

Jumatatu saa moja asubuhi Evarist aliingiza maksai na plau bondeni. Alianzia kwenye kitalu.

Nilimpelekea Libérate gunia la mchele wa chenga, akapokea, hakujidai. Watoto walikuwa wanacheza nje na hawajui bado. Nikamuuliza, maana nilitaka kujua kweli: mbona huachi kufunga na kuomba?

"Nimechoka, Mama Ngusa. Usimwambie mchungaji." Alikuwa anachambua chenga, mkono hausimami. "Ijumaa nafunga na sisikii kitu. Zamani nilikuwa nasikia. Sasa nafunga tu kwa sababu ni Ijumaa."

"Na ukiacha?"

"Nikiacha, Evarist atakuwa amechukua na hilo."

Nimezoea kununua na kuuza, na kile alichobaki nacho hakina soko ninalolijua.

Wiki iliyofuata Evarist alitafuta vibarua wa kupandikiza. Mpunga haumngoji mtu, na mikono ilikuwa haba. Libérate alijiandikisha. Nilipita barabarani nikamwona amezama maji ya magoti, mgongo umepinda, anachomeka miche ya mbegu ya Evarist kwenye jaruba alilochimba mumewe. Aliniona, akainua mkono wenye tope. Kisha akainama tena, kwa sababu wenzake walikuwa wanamwacha nyuma.