Godoro la Neti

Mumewe alipomfukuza, Celestine alibaki na mjukuu tu, aliyeachiwa na mkaza mwanawe, Lornah. Kule sokoni Kibuye alinusa magodoro ya sponji, yote yakanuka gundi, naye mtoto ana kifua kibovu. Basi akaokota neti kuukuu za kuanikia omena, wale dagaa wa ziwani, pale ufukoni Usenge, akazifua, akazishindilia kwenye shuka, akashona godoro. Mtoto akazidi kukohoa, akatoka vipele.

Lornah alipokuja akalichana godoro aone kilichomo.

“Mama, hizi walizoanikia omena ni neti za kitandani, zenye dawa ya mbu. Umemlaza kwenye sumu.”

“Nilizifua.”

“Si ungeuliza?”

“Nimuulize nani? Mimi huambiwa tu.”

Lornah akambeba mwanawe, akaenda. Celestine hakumzuia. Wote waliomtenda vibaya, kuanzia mumewe, walikuwa na makosa. Lornah hakuwa na kosa.