Kabuti la Baba na Mtoto wa Tembo

Mpaka leo sinunui sabuni ya mche. Harufu yake ikinifikia dukani, mimi hugeuza njia kama mtoto wa miaka tisa aliyemwona mwalimu mkuu. Watoto wangu hunicheka, wanadhani mama yao anajidai mtu wa mjini. Huwaacha wadhani hivyo. Ninyi nitawaambia ukweli.

Ilikuwa miaka ya sabini, muda si mrefu baada ya kuhamishiwa kijiji kipya karibu na Masumbwe. Baba alikuwa akifanya kazi porini, mbele ya Runzewe, kwenye kambi iliyotunza watoto wa tembo ambao mama zao waliuawa kwa ajili ya pembe. Kazi yake ilikuwa kulea. Alikoroga maziwa ya unga kwenye sufuria kubwa, akayatia kwenye chupa za bia zilizovishwa mpira wa baiskeli mdomoni, akamnywesha mtoto mmoja aliyempa jina la Makoye, yaani matatizo. Wanaume wa kijiji walimtania sana. Walimuuliza kama naye ameanza kutoka maziwa, na baba alicheka kuliko wao.

Makoye hakukubali kunywa hivi hivi. Baba alitundika kabuti lake kwenye kamba kati ya miti miwili, akajificha nyuma yake, akapitisha chupa kwa chini. Makoye aliegemeza uso kwenye kabuti kana kwamba ni ubavu wa mama yake, ndipo akanyonya. Baba alitusimulia hayo mara nyingi. Mimi nilisikia habari za tembo tu, ya kabuti sikuyatia maanani.

Kisha baba akaugua. Gari la kambi lilimleta nyumbani amejikunja, tumbo limevimba, na mama akampeleka hospitali Kolandoto. Nilibaki na shangazi. Kabuti nalo likabaki kwenye msumari nyuma ya mlango, likinuka moshi, jasho, maziwa yaliyochacha na zizi, vyote kwa pamoja.

Siku ya kumi tukaletewa habari kwamba mama angerudi kesho yake. Nikataka akute nyumba yenye mtoto wa kike. Nililibeba lile kabuti mpaka lambo, nikaliloweka, nikalikanyaga kwa miguu kwa sababu mikono haikuliweza, nikamaliza nusu mche wa sabuni. Maji yalitoka meusi mara tatu, mara ya nne yakatoka meupe. Shangazi alilipiga pasi ya mkaa huku akiwaambia majirani kwamba sasa mahari yangu waanze kuitafuta. Nililala nikiwa na furaha kubwa.

Mama alifika amekonda, na furushi lake kichwani. Aliliona kabuti, akalishika ukosi, akausogeza puani.

"Umelifua wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Limetakata," akasema, akakaa chini taratibu.

Alisema amekuja kumchukua baba mkubwa, kaka yake baba, warudi naye Kolandoto. Sikujiuliza kwa nini. Hata maji hajamaliza kunywa, Landrova ya kambi ikapiga honi nje. Dereva, kijana wa watu, aliingia amevua kofia.

"Shikamoo, mama. Bwana Nyama amenituma. Blanketi la mzee tulilokuwa tunamtundikia Makoye limeungua motoni. Leo siku ya tatu hanywi. Bwana Nyama anaomba kabuti la mzee."

Mama akaliangalia kabuti, akaniangalia mimi. Hapo ndipo nilipokumbuka simulizi za baba, na harufu niliyoifua. Mama aliinuka. Alichukua kabuti, akachukua furushi ambalo hata hakuwa amelifungua, akanishika mkono, tukapanda.

 Njia nzima nilifanya kazi. Nililisugua kabuti kwapani, nikaliburuta kwenye vumbi la sakafu ya gari, hata nikalitemea mate, nikiomba lirudie uchafu wake. Lilizidi kunuka sabuni.

Bwana Nyama, mkuu wa kambi, alitupokea getini bila salamu ndefu. Nyuma ya ua wa magogo, tembo wawili wakubwa kidogo walikuwa wakila majani. Makoye alisimama peke yake. Mashavu yalikuwa yameingia ndani na mbavu zilihesabika. Mkonga wake ulikuwa ukipapasa kamba tupu.

Walipolitundika kabuti, masikio yake yakasimama. Akaja mbio mbio, hata nikafumba macho kwa furaha. Nilipofumbua, alikuwa akilinusa, ukosi, mikono, pindo, akarudia tena toka juu. Halafu mkonga ukaanguka. Akalia kilio ambacho sikujua kama mnyama anacho, akarudi kusimama kando ya ua.

Bwana Nyama akalivuta kabuti, akalinusa mwenyewe.

"Nani amelifua hili?"

Nilifungua mdomo.

"Mimi," mama akasema.

"Mama Kabula! Mumeo amelala nje na mvua kwa ajili ya huyu mtoto, wewe unakwenda kumfulia? Hafiki kesho huyu!"

"Nisamehe, Bwana Nyama. Sikujua."

Mama yangu hakuwa mtu wa kufokewa. Kijijini hata mwenyekiti alipima maneno mbele yake. Siku hiyo aliinamisha kichwa, na mimi niliyetenda nikanyamaza. Niliogopa, basi.

Ndipo alipofungua furushi. Ndani kulikuwa na kitenge, kile alichomfunikia baba kila usiku kule hospitali. Alikishika usoni, akakaa hivyo kwa muda mrefu, mpaka Bwana Nyama akatazama pembeni. Kisha akakitundika mwenyewe kwenye kamba, akaingia nyuma yake.

"Nipeni chupa."

Safari hii Makoye hakukimbia. Alikuja hatua moja, akasimama, akaja nyingine. Chini ya kitenge niliona vidole vya miguu ya mama vikichimba udongo. Alikuwa anaogopa tembo kuliko kitu chochote duniani. Mkonga ukapita juu ya kitambaa, ukashuka, ukapanda, ukatulia mahali pamoja. Kisha akakiegemea kwa uzito wake wote, kamba ikalegea, mama akarudi nyuma nusu hatua na kukaza miguu.  Halafu tukasikia ananyonya.

Alimaliza chupa tano. Bwana Nyama alivua kofia yake. Kitenge tulikiacha palepale.

Siku mbili baadaye tulikuwa Kolandoto, mama, baba mkubwa na mimi. Baba alikuwa mdogo kitandani, sikumtambua upesi. Kitu cha kwanza alichouliza ni Makoye.

"Anakunywa," mama akasema sikioni mwake. "Chupa tano kwa mara moja."

"Nani kamnywesha?"

Mama akanisukuma mbele. "Kabula. Kabuti lako kalipeleka mwenyewe."

Baba akanitazama. "Gete? Kweli?"

Nilihisi vidole vya mama vikinifinya mgongoni. "Ndiyo, baba," nikasema.

Mkono wake ukatafuta kichwa changu, ukakaa pale. "Ng'wana wane," akasema. "Mwanangu. Ahsante."

Alifariki kesho yake. Makoye alikua, akachukuliwa na lori kwenda mbuga ya mbali, na huko sikuzijua tena habari zake.

Kwa miaka mingi nilikuwa na hasira na mama. Niliona amenitwika sifa ya wizi, na kwamba hiyo ndiyo adhabu yake kwangu kwa lile kabuti. Nilikuja kuelewa nilipokuwa mama mwenyewe. Siku ile anarudi na furushi, daktari alikuwa ameshamwambia awaite ndugu. Alijua mume wake amebakiwa na pumzi ya kusema ahsante moja tu, na kwa haki ilikuwa ya mama mwenyewe. Akanipa mimi.