Kuku wa Paja Langu
Nilishawekwa chuma kwenye nyonga hospitali, ndipo fahali akanirusha pale Nyahanga na paja likavunjika chini kidogo ya chuma hicho. Shemeji zangu wakamwita mganga wa kuunga mifupa. Walinikandamiza chini, naye akauvuta mguu huku namtukana yeye na mama yake mzazi. Kisha, kama ilivyo desturi, akamvunja kuku mguu na kumfunga vijiti kama alivyonifunga mimi: kuku akitembea, nami nitatembea.

Kuku akapona, akawa anachakura mbele ya kitanda changu. Mimi chuma kilikuwa kimeng'oka, kinanichoma nyama kwa ndani. Kabla hawajanipakia garini kunirudisha hospitali, niliamuru kuku yule achinjwe. Paja lake nililitafuna mpaka mfupa.