Mwangwi wa Chini ya Usangu

Nilifika Mbeya wakati wa kipupwe, miaka ile ya sabini, nikiwa na sanduku moja na sweta lisilofaa kwa baridi ya huko. Nilikuwa nimetoka chuoni, nimesomea miamba, na kazi niliyopangiwa ilikuwa ya kutafuta maji ya chini kwa ajili ya vijiji vipya vya bonde la Usangu. Ofisi yetu ilikuwa nyumba ya kupanga, mlima ukiwa nyuma yake. Asubuhi tuliwasha jiko la mkaa, tukalisogeza karibu na meza ya kuchorea, na mikono ikishapata joto ndipo kazi ilipoanza.

Mkuu wangu alikuwa Mhehe wa Kihesa, Iringa, mtu mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyewahi kufanya kazi ya mafuta ng'ambo. Nilimwita Mzee ingawa nywele zake zilikuwa bado nyeusi. Yeye aliniita binti.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tulikwenda bondeni, tukatandaza waya mrefu wenye vipokezi vilivyochomekwa ardhini, kisha tukalipua baruti kidogo ndani ya shimo. Mshindo ulishuka chini, ukagonga tabaka za miamba na kurudi juu kama mwangwi. Mwangwi huo uliishia kwenye karatasi ndefu zilizojaa mistari ya mawimbi. Asiyejua angedhani ni kitambaa kilichofumwa vibaya.

"Usiangalie mstari uko wapi tu," Mzee aliniambia siku ya kwanza. "Uliza unaongeaje. Una nguvu au umefifia? Unatetemeka haraka au polepole? Unaendelea, au unakatika njiani?"

Basi tukawa tunapaka rangi. Mwangwi wenye nguvu tuliupaka nyekundu, uliofifia bluu, na palipotetemeka polepole tulipaka kijani. Kalamu za rangi tulizinunua mjini, kwenye duka la Mhindi mmoja ambaye mkewe aliniuliza kwa huruma nina watoto wangapi wa shule.

Karatasi iliyotugombanisha ilitoka karibu na kijiji kimoja ambako siku ya kulipua tulipata mkasa. Tuliomba ng'ombe waondolewe, wakaondolewa, lakini si mbali vya kutosha. Baruti ilipolia, kundi zima lilitimka. Mwenye ng'ombe, mama mmoja Msukuma aliyehamia huko na familia yake, alitujia huku kitenge kikiburuzika vumbini.

"Nyie watu wa serikali! Ardhi imewakosea nini mpaka mnaipiga?"

"Tunatafuta maji, mama," nikasema.

"Maji hayatafutwi kwa bunduki!"

Tulishinda siku nzima tukimsaidia kutafuta ng'ombe. Mzee alikimbia nyuma ya ndama na viatu vyake vya ofisini, na nilipocheka, mama yule naye alicheka, kwa shingo upande.

Karatasi ya pale ilionyesha utepe mwekundu mpana, wenye nguvu kuliko tulivyowahi kuona. Mzee aliutazama mara moja tu.

"Hilo ni jiwe la volkano," akasema. "Limemiminika kutoka upande wa Rungwe zamani hizo. Hapo hatuchimbi."

Mimi nilikuwa nimeona kitu kingine. Chini ya ule wekundu, mawimbi yalikuwa yamelegea, yanatetemeka polepole, kama kitu kinachopita kwenye mchanga uliolowa.

"Mzee, jiwe sikatai. Lakini ni jembamba. Tazama chini yake."

"Jiwe likishapiga kelele, binti, linaharibu sauti ya kila kilicho chini. Huo ulegevu ni kivuli chake."

Tulibishana juma zima. Tulibishana tukinywa chai, tukabishana tukila makande. Siku moja alikaa na rula yake hadi chakula kikapoa, akanirudishia karatasi, akasema kwa uchovu, "Sina hakika. Na wewe huna. Twende tukatoboe."

Mtambo wa kuchimba ulipita kwenye udongo wa mfinyanzi bila shida, kisha ukagonga jiwe. Lilikuwa jeusi, gumu, la volkano kabisa. Fundi wa mtambo aliendelea kulisaga hadi kekee, ile ncha ya kutobolea, ikakatika meno. Akazima injini.

"Ndugu zangu, hapa hakuna maji. Tuhame."

Nilijisikia mdogo. Wanawake wa kijiji walikuwa wamesimama na ndoo zao, yule mama Msukuma akiwa miongoni mwao. Nilisubiri Mzee akubaliane na fundi, maana ndivyo alivyokuwa akisema tangu mwanzo.

"Leta kekee nyingine kutoka Mbeya," akamwambia fundi. "Huyu amesema chini kuna mchanga. Tukiondoka sasa, hatutajua."

Kekee ilipofika, kazi ikaendelea. Alasiri moja mlio wa mtambo ulibadilika, ukawa mwepesi. Mchanga ulianza kutoka, mchanga wa mto, wenye changarawe za mviringo. Kisha maji yakapanda bombani yenyewe, yakiwa yamebanwa chini ya lile jiwe kwa muda ambao sijui kuuhesabu. Wanawake walipiga vigelegele. Mama wa ng'ombe aliteka kwa kiganja, akaonja, akakunja uso.

"Yana chumvi kidogo," akasema. Kisha akaonja tena. "Si neno. Tutayazoea."

Mimi nililia, nikajifanya vumbi limeniingia machoni.

Safari ya kupeleka matokeo Dar es Salaam tulipitia Iringa, na Mzee akataka nimwone mkewe. Nyumba yao Kihesa ilikuwa na ua wa mipichi. Mkewe alitupokea mlangoni kwa salamu ya Kihehe.

"Kamwene! Ndiye huyu anayekunyima usingizi na kalamu zake?"

"Ndiye."

"Haya, nani alikuwa sahihi?"

Mzee alivua kofia, akafikiri kwa dhati kama aliyeulizwa na hakimu.

"Juu nilikuwa sahihi mimi," akasema. "Chini, yeye."

Mkewe alicheka hadi akashika ukuta, kisha akatukaribisha ndani. Tulikula ugali na maharage, na baada ya chakula Mzee alitandaza mezani karatasi mpya ya upande wa Madibira, akanisogezea kalamu zote.

"Hii anza wewe," akasema. "Mimi nitauliza maswali."