Ukimya wa Silinda ya Tatu

Ofisi ya Ukaguzi wa Magari ilikuwa imeutangazia umma, kwa karatasi yenye mihuri miwili, kwamba injini salama ni injini tulivu, na kwamba lori lolote lililozidi miaka ishirini, likisikika linagonga siku ya ukaguzi, litanyimwa kibali na kupelekwa kukatwa vyuma. Karatasi hiyo ilibandikwa katika kila gereji. Kwa Kiroboto ilibandikwa juu ya ufa wa ukuta, ambako ilifanya kazi nzuri ya kuzuia upepo.

Kiroboto alikuwa fundi wa injini za dizeli kwa miaka kumi na tisa. Jina hilo alipewa na dada yake utotoni, kwa sababu hakuwahi kukaa mahali mpaka chai ikapoa. Hata msibani alionekana akikaza skrubu za kiti alichokalia. Ukimwachia gari asubuhi, jioni ulilikuta limepona, na bawaba za geti la jirani zimepakwa grisi.

Siku moja kabla ya ukaguzi, dada yake aliingia gerejini na lori lake la mchanga, lililoitwa Bibi kwa heshima ya umri. Bibi alikuwa anatetemeka kama mwenye homa na kutoa moshi mweupe.

"Ulimtengeneza wiki tatu zilizopita," dada alisema akishuka. "Tangu hapo hapandi mlima. Jana punda amenipita, na punda mwenyewe alikuwa na mzigo."

"Punda gani?"

"Kiroboto, usiniulize punda gani. Niambie Bibi ana nini."

Injini ikiwa inaunguruma, Kiroboto akaanza kulegeza nati za mabomba ya dizeli, silinda moja baada ya nyingine. Kila alipolegeza, Bibi alidhoofika, kama mtu aliyepokonywa fimbo. Alipofika ya tatu, hakuna kilichobadilika. Silinda hiyo ilikuwa inakula bila kufanya kazi, jambo ambalo katika familia yoyote halikosi mtu.

Akazima, akang'oa nozeli zote sita za kunyunyizia dizeli, akafunga geji ya kupima mgandamizo. Silinda tano zilisoma karibu na mia nne. Ya tatu ilisoma mia mbili na thelathini.

"Haibani hewa," alisema. "Ama ringi za pistoni zimekwisha, ama vali haifungi."

"Tofauti yake?"

"Ikiwa ringi, napasua injini. Wiki mbili."

"Kesho asubuhi ndiyo wanamkagua. Wakimkataa, wanamkata."

"Najua."

"Basi acha kufuta hiyo spana. Umeshaifuta mara nne."

Aliiweka chini, akazunguka lori, akarudi, akaiokota tena. Kisha akamimina kijiko cha oili kupitia tundu la nozeli ya tatu. Ringi zikiwa zimekwisha, oili huziba mwanya kwa muda na mshale wa geji hupanda. Dada akapiga starta. Mia mbili na thelathini. Mshale haukupanda hata kwa adabu.

"Si ringi," Kiroboto alisema, na furaha yake ikadumu muda wa kufungua kifuniko cha vali.

Pale juu ya silinda ya tatu akajaribu kupitisha bati jembamba la kupimia nafasi ya tapeti, kile kichuma kinachosukuma vali. Halikuingia. Akachukua jembamba zaidi. Halikuingia. Hata karatasi ya sigara isingepita. Vali ilikuwa imekandamizwa, haipati nafasi ya kurudi na kufunga.

"Nani kakaza tapeti hii?" aliuliza, kwa ile sauti ambayo mafundi wote huitumia kumlaani fundi aliyetangulia.

Dada akamnyooshea kidole.

Ndipo Kiroboto akakumbuka. Wiki tatu zilizopita tapeti hiyo ilikuwa inalia kidogo, tik tik, na karatasi ya ofisi ilikuwa usawa wa macho yake, na spana mkononi. Alikaza mpaka sauti ikafa. Akasikia ukimya, akauona mzuri, akaenda kupaka bawaba grisi.

"Ni mimi," alisema.

"Nilijua tangu ulipoanza kufuta spana. Kumbe mchawi ni wa nyumbani."

Alilegeza tapeti mpaka bati likapita kwa kukwaruza kidogo, kama inavyotakiwa. Sasa swali lilikuwa moja: je, vali imeungua kwa wiki tatu hizo? Alifunga geji tena, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akasimama bila kugusa kitu. Dada akapiga starta. Mia tatu na themanini.

Nozeli ziliporudi, Bibi aliwaka bila moshi, bila kutetemeka. Na silinda ya tatu ikasema: tik, tik, tik.

"Sasa analia," dada alisema.

"Anapumua."

"Karatasi inasema asilie."

"Karatasi haijapanda mlima na mchanga." Lakini mkono wake ulikuwa tayari njiani kuelekea tapeti. Robo mzunguko tu. Dada akamnyang'anya spana, akaiweka juu ya kiti cha dereva, akaikalia.

Aliikalia mpaka ukaguzi. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika. Mkaguzi aliinamisha sikio juu ya boneti kwa muda mrefu, akaitikia kwa kichwa kwa heshima, akaandika "tulivu" na kugonga muhuri. Jenereta ya ofisi, hatua tatu kutoka hapo, ilikuwa inagonga tangu asubuhi, ikimeza kila tik.